Dhahabu Nyuma ya Kioo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuacha pangaboi likizunguka. Nilikuwa nimekaa jikoni, na mezani kulikuwa na kipande cha kioo nilichopewa na fundi wa madirisha ya aluminiamu katika mabaki yake, kikombe cha maji yenye jelatini, na kijitabu kidogo kilichokuja kwa posta. Kurasa za kijitabu hicho ni karatasi laini, na katikati ya kila ukurasa na mwenzake imelazwa dhahabu. Nilifunua ukurasa wa kwanza. Dhahabu ikainua kona moja, ikajikunja, ikaruka, ikaenda kutua kwenye sufuria ya maharage. Nilipoifuata kwa vidole sikuokota kitu. Ilijipaka kwenye ngozi, ikabaki ng'aring'ari ya manjano kwenye ncha za vidole viwili, basi.

Nilikuwa najaribu kuiga kazi ambayo huenda umeiona kwenye sinema bila kuijua jina. Mpelelezi amekaa ofisini kwake usiku, na jina lake limepindwa kama upinde kwenye kioo cha mlango, herufi za dhahabu zenye ukingo mweusi, nasi tuliomo ndani pamoja naye tunaliona kinyumenyume. Maandishi ya namna hiyo yalijaa kwenye vioo vya benki, maduka ya dawa, baa na ofisi za mawakili wa London, Boston na Chicago kuanzia karne ya 19, na baadhi yake yapo hadi leo. Wengi hudhani ni rangi ya dhahabu iliyopakwa kwa brashi. Ni dhahabu yenyewe, mara nyingi ya karati 23, na tena haiko upande wa barabarani. Ukiigusa kutoka nje unagusa kioo kitupu. Dhahabu imegandishwa upande wa ndani, na mwandishi wake alisimama humo ndani akiandika kila herufi kwa kuigeuza.

Wanafunzi wa Kiswahili hulalamika kwamba tuna neno moja, kioo, kwa kile cha dirishani na kwa kile cha kujitazamia. Fundi wa kazi hii angetuelewa bila maelezo. Siku nzima anageuza kioo kuwa kioo.

Tuanze na hiyo dhahabu, maana ndiyo inayowashangaza watu, ingawa ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Karatasi moja ya dhahabu inayouzwa Ulaya ina upande wa milimita 80 hivi, na kijitabu huwa na karatasi 25. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Ungehitaji kupanga mamia ya karatasi hizo ufikie unene wa unywele mmoja. Ukipiga hesabu kwa uzito wa dhahabu, kijitabu kizima hakifiki hata nusu gramu, ni kama theluthi moja tu. Pete ya gramu 4 ya dhahabu safi, ikifuliwa hadi unene huo, inatosha kufunika mlango wa nyumba kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo mteja aliyeona bei ya bango la dhahabu akashika kichwa hakuwa analipia madini. Alikuwa analipia siku za fundi.

Madini mengine hayakubali kunyooshwa hivyo. Dhahabu ndiyo inayofulika kuliko madini yote, na haishiki kutu, kwa hiyo hata ikiwa nyembamba kiasi hicho haina ngozi ya kutu inayoivunja. Wafuaji wa zamani waliikata vipande vidogo, wakavipanga kimoja kimoja kati ya utando wa utumbo wa ng'ombe, wakafunga rundo zima na kulipiga kwa nyundo nzito kwa saa nyingi, wakikata kila kilichotanuka na kukirudisha kwenye rundo jipya. Karatasi ya kawaida ingechanika. Ngozi ingekuwa nene mno. Utando ule wa ng'ombe ulivumilia kipigo na haukushikana na dhahabu.

Utando huo una habari yake ambayo siwezi kuiruka. Wajerumani waliokuwa wakiunda meli za angani za Zeppelin walijua kwamba unazuia gesi ya haidrojeni vizuri kuliko karibu kitu chochote cha wakati wao, wakaubandika kwenye mifuko ya gesi ya meli hizo. Ng'ombe waliohitajika kwa meli moja walikuwa wa kuhesabiwa kwa mamia ya maelfu. Novemba 1917 meli mojawapo ya angani, L 59, iliondoka Jamboli nchini Bulgaria na tani zipatazo 15 za shehena kwa ajili ya jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana huku kwetu Afrika Mashariki, na haikupangiwa kurudi. Hata mwili wake ulikuwa ukatwekatwe utumike kama mahema na vifaa. Ilifika juu ya anga la Sudan ikaamriwa kugeuza. Basi utando wa mfua dhahabu ulikaribia kulazwa chini kama tandiko la askari kusini mwa Tanganyika.

Turudi kwenye kioo.

Ukiinua karatasi halisi ya dhahabu mbele ya taa, hutaona giza wala manjano. Utaona kijani chenye ubuluu, kama maji ya bahari kwenye miamba, kwa sababu ni nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Ule wekundu na umanjano huakisiwa kwetu, na kinachopenya ni kijani. Michael Faraday alilichunguza jambo hilo kwa kina, na mwaka 1857 akawahutubia wanasayansi wenzake wa Royal Society jijini London kuhusu dhahabu na mwanga. Karatasi ya aina hiyohiyo ndiyo ilitumika Manchester mwaka 1909, Hans Geiger na Ernest Marsden walipoirushia chembe za alfa na kuona chache zikirudi nyuma, na Ernest Rutherford akatambua kutokana na hizo kwamba atomu ina kiini. Nami nilijaribu la Faraday jikoni, kwa balbu ya kawaida. Kijani kilitokea. Dhahabu bandia ya shaba na zinki haifanyi hivyo kwa kuwa ni nene zaidi, na huo ni mtihani mzuri kwa anayenunua kijitabu asikokujua.

Kwa mwandishi wa vioo, kijani hicho ni adui. Dirisha la duka hupata mwanga pande zote mbili, na dhahabu peke yake ingevuja mwanga na kuonyesha kila tundu dogo. Ndiyo maana kila herufi ya dhahabu unayoiona ina mgongo wa rangi ya mafuta usiouona.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza karatasi kubwa huchorwa maandishi yote kwa ukubwa wake, kisha mistari hutobolewa kwa kigurudumu chenye meno, tundu kwa tundu. Kioo husafishwa, husafishwa tena, halafu husafishwa. Alama ya kidole isiyoonekana hubaki humo miaka 50, ikiwa kama doa la ukungu katikati ya dhahabu, na hakuna wa kuifikia tena.

Gundi yake inachekesha kwa uduni. Mafundi wengi hutumia kapsuli tupu za dawa, zile za jelatini: mbili au tatu huyeyushwa katika maji moto yasiyozidi nusu lita, maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake ili yasiwe na chumvi. Hiyo ndiyo gundi nzima. Ukizidisha, dhahabu hutoka na utusitusi, ukipunguza, itabanduka. Maji hayo hupakwa kwenye kioo kwa brashi pana hadi yatiririke.

Halafu inakuja brashi ya pili, ambayo sijaona chombo kingine kinachofanana nayo. Ni bapa na pana kama kiganja, nywele za kindi zimepangwa safu moja nyembamba kati ya vipande viwili vya kadibodi. Fundi huipitisha shavuni kwake, au kwenye nywele. Hafanyi mbwembwe, anatafuta mafuta kidogo ya ngozi, kiasi cha kuifanya dhahabu ishike kwenye ncha za nywele bila kung'ang'ania. Anagusa ukingo wa karatasi ya dhahabu, anainua, anaisogeza kwenye kioo kilicholowa. Kabla haijafika, ikiwa imebaki kama upana wa punje ya mchele, inaruka yenyewe. Maji yanaivuta. Mvuto ule unaofanya matone mawili yakutane kwenye jani la mgomba ndio unaoinyakua dhahabu kutoka kwenye brashi, na kufumba na kufumbua imelala juu ya kioo, imejaa mikunjo, ina rangi ya maziwa, haipendezi hata kidogo.

Hapo ndipo mimi nilikata tamaa mara ya kwanza. Nilidhani nimeharibu. Ilikuwa kama gamba la kitunguu lililobandikwa kwa mate.

Fundi hahangaiki. Anapanga safu kutoka juu kwenda chini, kwa sababu maji hushuka, na kila karatasi inalalia kidogo ukingo wa mwenzake. Halafu anasubiri. Maji yanapokauka yanaondoka kwa kupenya pembeni na katika vitundu, na yakiondoka yanaivuta dhahabu ilalie kioo bila hewa katikati. Mikunjo inanyooka. Utusi unaondoka kuanzia kingo kuelekea katikati, polepole kisha ghafla, na upande wa pili wa kioo, upande wa barabarani, unaanza kukurudishia uso wako. Niliutazama mgeuko huo kwenye kipande changu kidogo kwa muda ambao maharage yaliungua.

Kinachong'arisha ni kioo. Dhahabu haijapigwa msasa wala kusuguliwa. Imechukua tu ulaini wa kitu ilicholalia, na kioo ndicho kitu laini kuliko chochote dukani. Mafundi humwagia hata maji ya moto juu ya dhahabu iliyokauka, jambo la kutisha kulitazama, ili jelatini iliyozidi ioshwe na mng'ao uzidi. Kisha wanarudia tabaka la pili kuziba nyufa na matundu.

Ukitaka dhahabu isiyong'aa, unabadilisha gundi tu. Karatasi ileile, ikiwekwa juu ya vanishi badala ya maji ya jelatini, hutoka ikiwa imefifia kama hariri, kwa sababu vanishi haina usafi wa kioo na huutawanya mwanga. Herufi nyingi za zamani zilichezea tofauti hiyo: katikati zimefifia, ukingo unang'aa kama kioo cha kujitazamia. Mpita njia anaziona zimetuna kana kwamba zimechongwa. Hazina utuno wowote.

Baada ya hapo kioo kizima ni ukuta wa dhahabu usio na herufi hata moja. Ile karatasi iliyotobolewa hugeuzwa upande wa pili, hubandikwa nyuma ya dhahabu na kupigwapigwa kwa kifuko cha unga wa chaki au mkaa. Unga hupita kwenye matundu na kuacha vidoti. Mwandishi anaegemeza mkono wake kwenye kifimbo chenye kichwa cha kitambaa, anajaza herufi kwa rangi ya mafuta, kutoka kulia kwenda kushoto, S ikiwa imegeuka, N ikiwa imegeuka. Rangi ikikauka, anachukua pamba yenye maji na unga laini wa kusugulia, anafuta dhahabu yote ambayo haikufunikwa. Inatoka kama vumbi. Kinachobaki ni herufi. Ukingo mweusi na kivuli hufuata, nyuma yake, na mwisho vanishi inayovuka kingo za herufi kidogo tu na kushika kioo chenyewe, ili maji ya mvuke yasipenye pembeni.

Kuna mantiki ya ajabu katika mpangilio huo. Kwenye ukuta, mchoraji wa mabango huanza na mandhari, akaja na herufi, akamalizia na mng'ao mdogo juu yake. Kwenye kioo, kinachotangulia kuwekwa ndicho kinachotangulia kuonekana, na hakuna kurudi nyuma kukirekebisha bila kubandua vyote vilivyofuata. Wachoraji wa Senegali wanaijua adha hiyo vizuri kwa picha zao za nyuma ya kioo ziitwazo suwer: nyusi kwanza, uso baadaye, ukuta nyuma ya kichwa mwisho kabisa.

Wazo lenyewe ni kongwe. Warumi wa karne ya 4 walifunga picha za dhahabu kati ya tabaka mbili za kioo kwenye vitako vya bakuli, na vitako hivyo vimekutwa vimekandikwa kwenye chokaa cha makaburi ya chini ya ardhi mjini Roma. Mchoraji wa Italia Cennino Cennini, katika kitabu chake cha ufundi cha takriban mwaka 1400, alieleza kubandika dhahabu kwenye kioo kwa ute wa yai. Jina ambalo Wafaransa huipa kazi hii, verre églomisé, limetokana na Jean-Baptiste Glomy wa Paris wa karne ya 18, aliyekuwa akipamba fremu za picha. Aliikuta mbinu ina umri wa zaidi ya miaka elfu, ikachukua jina lake.

Ila kuipeleka dukani kulihitaji mambo mawili, na yote mawili ni ya serikali zaidi kuliko ya sanaa. London ya zamani ilijaa mabango ya kuning'inia juu ya njia, makubwa, mazito, kila mwenye duka akimshinda jirani. Mwaka 1718 moja liliporomoka pamoja na ukuta lililoshikizwa, likaua watu 4. Kuanzia 1762 sheria zikaagiza mabango ya namna hiyo yaondolewe, na wenye maduka wakabaki na uso wa jengo tu wa kuandikia. Jambo la pili lilikuwa kodi. Kwa karibu miaka 100 Uingereza ilitoza kioo kwa uzito, hivyo vioo vikawa vidogo na vyembamba. Kodi ikafutwa 1845. Miaka 6 baadaye London ikajenga Jumba la Kioo kwa vioo karibu 300,000, na maduka nayo yakaanza kufungua madirisha makubwa kama kuta. Ukuta unaopitisha macho unahitaji jina la mwenyewe, na jina hilo halitakiwi kuziba bidhaa.

Wamarekani ndio walioipenda hadi kuivuruga, na nasema hivyo kwa kusifu. Kampuni ya Rawson & Evans ya Chicago ilijulikana kwa vioo vilivyomenywa kwa gundi: kioo hukwaruzwa kwanza kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu ya hewa, kisha hupakwa gundi nzito ya ngozi ya wanyama, na gundi inapokauka husinyaa kwa nguvu hata ikang'oa magamba ya kioo chenyewe, ikiacha michoro kama majani ya jimbi. Dhahabu ikilazwa juu ya michoro hiyo, herufi inameta kwa kila hatua unayopiga ukipita. Frank H. Atkinson, mwandishi wa mabango wa jiji hilohilo, alitoa kitabu Sign Painting Up to Now mwaka 1909, na mafundi bado wanakigombea. London nako, nenda Princess Louise, baa ya mtaa wa Holborn iliyopambwa 1891: mteja anakunywa bia akiwa amezungukwa na vioo vilivyochongwa na kutiwa dhahabu hadi anajiona mara 10.

Neoni na plastiki ziliipunguzia kazi dhahabu. Mashine za kukata stika kwa kompyuta, zilizoingia mapema miaka ya 1980, karibu ziimalize. Sisi tumeliona hilo kwa macho yetu. Kinyozi ambaye miaka 20 iliyopita alimwita fundi amchoree kichwa chenye panki ukutani, leo anatuma faili kwa mwenye plota, na jioni stika imeshabandikwa. Ni rahisi, inasomeka, na baada ya jua la miaka michache inakunjamana kama ganda la ndizi.

Waliookoa kazi hii walikuwa wachache na wakaidi. Nchini Marekani vijana wa miaka ya 1970 waliojiita Letterheads walianza kukutana Denver kufundishana mbinu ambazo wazee walikuwa wakienda nazo kaburini. Huko Torquay, Uingereza, David A. Smith alifanya kazi ya vioo kwa ustadi ambao mwaka 2012 uliwafikia hata wasiojali mabango, alipobuni jalada la albamu Born and Raised ya John Mayer.

Yanayobaki madirishani hufa kwa njia mbili. Moja ni unyevu unaopenya kwenye ukingo wa vanishi. Nyingine ni msafisha madirisha mpya, mwenye bidii, mwenye wembe. Dhahabu iliyovumilia mvua na mikono ya barabarani kwa miaka 100, kwa sababu haikuwahi kuguswa nayo, huondoka kwa mkwaruzo mmoja kutoka ndani.

Jaribio langu la tatu lilifaulu, pangaboi likiwa limezimwa. Niliandika KARIBU, nikaipa mgongo mweusi, nikafuta dhahabu iliyozidi, nikaegemeza kioo kwenye dirisha la jikoni na kutoka nje kukitazama. Kilikuwa kinang'aa vibaya mno. Mtoto wa jirani alikuwa amesimama hapo, akitaja herufi moja moja.

"Mjomba, mbona R inaangalia nyuma?"

Nilikuwa nimegeuza herufi zote isipokuwa hiyo. Nikaingia ndani kutafuta wembe.